Dalali Aliyemtuma Mkewe Kupona

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake haina mzunguko: anayekitaka kitu kilicho chini hana budi kujishusha, apate vumbi magotini, ndipo akishike. Hawakusema asimame wima akiamuru kitoke, wala hawakusema amtume mwenzake ainame kwa niaba yake. Lakini wapo watu ambao hata methali huisikiliza kwa sikio moja, wakachukua nusu inayowapendeza na kuiacha nusu inayowachoma. Elisha Ntandu wa Mwankoko alikuwa mmoja wao. Hadithi hii ni yake, ingawa gharama yake ililipwa zaidi na mtu mwingine.

Elisha alikuwa dalali wa ng'ombe. Katika mnada uliofanyika kila wiki nje kidogo ya mji wa Singida, hakuna aliyemfikia kwa kazi hiyo. Mfugaji alimkabidhi fahali wake asubuhi, akamnong'oneza bei anayoitaka, kisha akaenda zake kunywa chai. Mchinjaji naye alikuja na bei yake sikioni. Elisha aliyabeba yote kichwani, nani mwenye fahali yupi, nani ametoa kauli, nani bado anavutavuta, bila kuandika hata herufi moja. Akishamgusa mnyama mgongoni kwa fimbo yake ya mpingo, biashara imekwisha, na hakuna aliyethubutu kuipinga. Fimbo ile ndiyo iliyokuwa cheo chake, na alitembea nayo hata kanisani.

Nyumbani alikuwa mtu wa kutumikiwa, na hakuona haya kusema hivyo. Kofia aliletewa, maji ya kuoga alitengewa, na kiatu kikiteleza mvunguni aliketi kitandani akaita, "Mama Witness." Editha, mkewe, aliacha sufuria jikoni, akapiga magoti, akanyoosha mkono gizani na kukitoa. Hakulalamika. Ndivyo alivyomwona mama yake akifanya huko Mgori alikozaliwa, na bibi yake vilevile. Aliyekuwa akicheka ni binti yao Witness, mtoto wao wa pekee. Alizoea kumwambia baba yake kwamba ipo siku mvungu utamdai, naye Elisha alicheka pamoja naye, kwa maana kwa binti huyo hakuwa na kisirani.

Siku ambayo Witness alikuwa aende kuanza chuo, pikipiki iliyokuwa ikimpeleka stendi iligongwa na lori barabara kuu. Walimzika nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la alizeti. Waombolezaji walikuja, wakala, wakaimba, wakaanua matanga, wakarudi makwao. Waliobaki ni wazazi wawili ambao kila anayepita njiani aliendelea kuwaita Baba Witness na Mama Witness, kwa sababu ndiyo majina yao. Kila salamu ilikuwa ni msumari juu ya kidonda, na hakuna wa kulaumiwa.

Elisha hakulia. Aliamka kabla ya jogoo akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akitazama sakafu mpaka jua linapopanda. Chakula alikigusa na kukisukuma. Mnadani mambo yalianza kumponyoka, leo bei, kesho jina la mtu aliyemfahamu tangu utoto. Kamati ya mnada ilimvumilia hadi ikashindwa. Mwenyekiti wake, Mzee Chediel, alimwita pembeni akamwambia kwa upole apumzike, na fimbo ishikwe na Gasto, kijana ambaye Elisha mwenyewe alimfundisha kazi. Akipona kabla alizeti haijavunwa, fimbo ingemrudia. Asipopona, ingekuwa ya Gasto moja kwa moja. Elisha aliitoa, lakini tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani, nalo ni fimbo ile.

Na Editha je? Editha alilia mpaka siku ya kuanua matanga, kisha akainuka, kwa kuwa kuku hawana habari ya msiba na wageni hawajipikii. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga moja. Alisahau ndoo bombani. Dukani kwa Pradeep alisimama mbele ya meza akiwa hajui kilichomleta, mpaka Pradeep mwenyewe aanze kumtajia, "Chumvi, mama? Sabuni? Kiberiti?" naye akaitikia chochote ili aondoke. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Wote walikuwa wakimuuliza mume wake anaendeleaje, naye Editha ndiye aliyekuwa akiwajibu.

Dada yake Elisha, Scholastika, mjane aliyeishi nao uani, alikuwa na jibu lake tayari. Kwa maoni yake kichwa cha ndugu yake kilikuwa kimefungwa na watu wenye kijicho, na kila aliposema watu alitazama upande wa kwa kina Gasto. Alimpeleka kuombewa, kisha akampeleka kwa mtu wa kunusisha dawa. Fedha zilikwenda, usingizi haukurudi. Mwishowe Editha alipiga moyo konde, akamwomba mumewe waende hospitali, na Elisha akakubali kwa kuwa alizeti ilikuwa imeanza kuinamisha vichwa.

Waliyemkuta katika chumba cha afya ya akili alikuwa muuguzi kijana aitwaye Anastasia. Aliwaamkia shikamoo, akawakalisha, akauliza mengi bila haraka: usingizi, chakula, mawazo yanayomjia asubuhi. Kisha akautaja ugonjwa kwa jina lake, sonona.

"Baba, sonona haikai moyoni peke yake," alisema. "Inaingia kichwani, inakula umakini na kumbukumbu. Akili yako siku nzima inazunguka palepale barabarani, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Ndiyo maana bei zinakuponyoka. Tutakupa vidonge, tutazungumza kila ukija, na utafanya mazoezi ya kuifundisha akili kushika kitu kingine."

Alitoa kishikwambi cha hospitali, ambacho wagonjwa huazimwa kwenda nacho nyumbani, akawaonyesha. Zilitokea picha tatu, jembe, kuku na chungu, zikafunikwa, mgonjwa akatakiwa kuzirudisha kwa mpangilio wake. Aliyeweza tatu alipewa nne. Kisha yalikuja maduara ya rangi, ukiona jekundu uguse, ukiona la kijani ujizuie. Baadaye tarakimu za kusoma kinyumenyume. Kila siku kidogo, na kishikwambi chenyewe kilihifadhi matokeo.

Elisha alitazama yule kuku kwa muda. "Mimi nimeshika kichwani mnada mzima," alisema. "Wewe unanipa picha ya kuku."

"Ni ya chini, ndiyo, baba. Tunaanzia chini kwa sababu huko ndiko ulikoangukia." Anastasia alisema hivyo pasipo kejeli, kisha akaongeza neno ambalo Editha alilikumbuka maisha yake yote. "Kumeza vidonge mtu anaweza kukukumbusha. Haya hakuna wa kukufanyia."

Jioni ile Elisha aliketi barazani akajaribu. Jembe, kuku, chungu. Zilipofunikwa aligusa chungu kwanza, na kishikwambi kikatoa mlio mfupi wa kukosa. Akarudia, kikalia tena. Safari ya tatu jirani alikuwa akipita, akachungulia uzio na kuuliza kwa mzaha kama mzee naye siku hizi anacheza gemu. Elisha aliinuka. Aliingia ndani, akakitupa kile kitu kitandani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

Asubuhi alimwita mkewe. Alimwambia achukue kishikwambi, afanye yale mambo kila siku, ahakikishe matokeo yanapanda. Editha alidhani hakusikia vizuri. Alimkumbusha maneno ya muuguzi, kwamba mazoezi hayana wa kufanyiwa.

"Nani ananipikia?" Elisha aliuliza. "Nani ananifulia? Nani anatoa viatu vyangu mvunguni? Hii nayo ni kazi ya nyumba."

Editha angeweza kubisha, lakini hakuwa amewahi kubisha, na ukweli ni kwamba alikuwa amechoka hata kuliko mumewe. Alikichukua. Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kuosha vyombo mchana, aliketi jikoni juu ya kigoda, akajifuta mikono kwenye kanga, akaanza na jembe, kuku na chungu.

Naye alikosa. Alikosa vibaya kuliko mumewe, mpaka akaogopa kwamba muuguzi atadhani mgonjwa amezidiwa. Hapo ndipo alipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba kichwa chake kilikuwa kimetoboka kila mahali. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba amezeeka tu. Lakini aliagizwa matokeo yapande, na Editha akiagizwa hutenda. Alirudia. Alizipa zile picha hadithi ndogo ili zisimtoroke, jembe limemkimbiza kuku, kuku ameangukia chunguni. Picha tatu zikawa nne. Nne zikawa tano. Maduara ya kijani yalipomdanganya alijikemea kwa Kinyaturu, na Scholastika akipita mlangoni alidhani wifi yake anaongea na kuku.

Mabadiliko hayakupiga hodi. Siku moja alifika dukani, akaomba mafuta ya taa, sindano na uzi mweusi, akageuka kuondoka. Pradeep, aliyekuwa amefungua mdomo aanze kumtajia bidhaa, aliufunga taratibu. Siku nyingine alijikuta anaimba akichambua mchicha, akanyamaza ghafla kwa aibu, kana kwamba ameiba. Uchungu wa Witness ulikuwapo, tena mkali, ila sasa ulikuwa na mahali pake pa kukaa na ulimwachia nafasi ya kupumua. Zamani akimkumbuka binti yake aliona lori. Sasa aliweza kumwona akicheka, akimwambia baba yake habari za mvungu, na alilia vizuri, machozi ya kawaida ya mama.

Upande wa pili wa ukuta Elisha alikuwa anadidimia. Vidonge alimeza alipokumbushwa na kuvitema alipokasirika. Kwa muuguzi alikwenda kila alipoitwa, na kila alichoulizwa alikijibu kwa neno moja, salama. Hakuna dawa inayoweza kupenya neno hilo likifungwa kwa ndani.

Safari moja Anastasia alikiwasha kishikwambi, akatabasamu, kisha tabasamu likamkatika usoni. Alimtazama Elisha aliyekonda hadi shati likawa linaning'inia. "Baba, matokeo yanapanda vizuri sana," alisema. "Wewe ndiye ninayekuona unashuka." Alimwomba afanye zoezi moja pale pale, mbele yake. Elisha alisema amesahau miwani, ilhali hajawahi kuwa na miwani. Muuguzi akamgeukia mke.

"Mama Witness, anafanya mwenyewe?"

Editha alitazama viatu vya mumewe. Alikuwa amevitoa mvunguni asubuhi ile ile, akavifuta. Kumwumbua mume mbele ya binti mdogo lilikuwa jambo ambalo hakufundishwa. "Anafanya," alisema. Alidhani ameitunza heshima ya nyumba yake. Uongo wa heshima ni uongo vilevile, na huo ndio uliokuja kumgharimu.

Njiani alimsihi mumewe aanze, hata kwa siri, hata usiku milango ikiwa imefungwa, yeye angeketi kando amshikie taa. Elisha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi.

"Umesikia mwenyewe. Chombo cha serikali kimesema nimepanda."

Aliamini. Hilo ndilo lililo chungu kuliko yote. Watu wengi huvikwa kilemba cha ukoka na wenzao, lakini huyu alijisokotea mwenyewe, akajivika, akajitazama kwenye kioo, akajiona sultani.

Alizeti ilipoanza kuvunwa alikichukua kishikwambi, akaenda nacho kwa Mzee Chediel bila kumwambia muuguzi. Alimwonyesha alama za kijani zilizojipanga kama mahindi kwenye gunzi, akamweleza kwamba hospitali imempima kichwa na kukikuta kizima. Mzee Chediel hakuelewa chombo, ila alimpenda Elisha na alitaka kuamini. Aliamuru fimbo irudishwe. Gasto aliileta kwa mikono miwili, akainama kidogo, na alisema amefurahi baba amerudi. Alisema kweli. Scholastika peke yake ndiye aliyeona hila katika kuinama kule.

Siku ya mnada Elisha alivaa koti lake la zamani. Editha alikuwa pale, kwa sababu kila wiki aliuza chai na chapati kando ya uzio wa ng'ombe, hatua chache tu kutoka wanaposimama madalali. Kwa miaka mingi alikuwa amezisikia bei zote zikipita juu ya birika lake na hakuwahi kuzishika. Siku hiyo zilimshika zenyewe.

Saa za mwanzo zilikwenda vizuri, wateja wakiwa wachache. Kisha vumbi likapanda na sauti zikaongezeka. Fahali mmoja wa kahawia mwenye baka jeupe usoni aliletwa na mfugaji kutoka Ikungi. Elisha alinong'onezana na mchinjaji mnene wa mjini, akamgusa fahali kwa fimbo. Mchinjaji akaenda kuita gari. Muda mfupi baadaye alikuja mnunuzi mwingine kutoka Iramba, akamtazama fahali yule yule, akanong'ona, na Elisha akainua fimbo akamgusa tena.

Mchinjaji aliporudi, alikuta kamba imeshikwa na mtu mwingine. Kila mmoja alisema amegusiwa. Mfugaji wa Ikungi, alipoelezwa bei ya pili, akadai kwamba hiyo ya kwanza haijui. Sauti zikapanda, fimbo za kuchungia zikapanda nazo, na fahali, aliyevutwa huku na huku, alimrushia mtu teke la paja. Ndipo wote wakakumbuka ni nani mwenye neno la mwisho. Wakamgeukia Elisha, wakanyamaza, kama walivyofanya miaka yote.

"Dalali, sema."

Elisha alifungua kinywa. Alitafuta ndani ya kichwa chake bei, jina, sura, na hakukuta kitu ila lori likija barabarani. Watu wazima waliinamisha macho. Naye, badala ya kusema sijui, neno ambalo lingemwokoa hata saa ile, aligeuza shingo upande wa uzio, kama alivyokuwa akifanya kila kiatu kilipopotea, akaita.

"Mama Witness."

Editha aliweka birika chini. Ameitwa na mumewe, alikuja. Na kwa kuwa aliitwa kutoa kilichopotea, alikitoa. Alisema fahali aliguswa kwanza kwa ajili ya mchinjaji wa mjini, akataja bei, akataja pia kwamba mwenye fahali aliitikia kwa kichwa huku akipuliza chai yake. Mfugaji wa Ikungi alitazama kikombe mkononi mwake, akakiri. Ugomvi ulikufa papo hapo.

Halafu mtu mmoja nyuma, ambaye jina lake halikujulikana na huenda hata hakukusudia ubaya, alicheka na kusema basi fimbo apewe mama. Kicheko kikaenea mnada mzima. Elisha alisimama katikati yake akiwa ameishika fimbo kama mtu anayeshika mlingoti wa nyumba inayobomoka. Mzee Chediel hakucheka. Alinyoosha mkono tu, akaipokea, na safari hii hakusema habari ya kurudisha.

Kikao cha ukoo kilikaa uani kwao kabla wiki haijaisha. Scholastika ndiye aliyeanza. Alisema siku zote amekuwa akiuliza kichwa cha ndugu yake kimekwenda wapi, na sasa kila mtu amekiona mnadani kilipo: kwa mkewe. Wajomba walimtaka Editha aseme. Editha alisema yote, bila kupunguza: kishikwambi, kigoda cha jikoni, picha, uongo wake mbele ya muuguzi. Alisema yeye pia alikuwa mgonjwa na hakujua. Alisema anaomba radhi kwa uongo, ila kwa kupona hajui aombe radhi namna gani.

Mjomba mkubwa alimuuliza ni nani aliyemwambia afanye mazoezi ya mumewe. Alijibu kwa neno moja, akimwonyesha kwa macho. Wote wakamgeukia Elisha.

"Nilimwambia anifanyie," alisema. "Sikumwambia apone yeye."

Hakuna aliyecheka. Na ajabu ya watu wazima wale, waliolea watoto na kuamua mashauri mazito, ni kwamba waliona ana haki. Waliamua kuwa mwanamke amekula dawa ya mume, dawa ikakolea upande usiohusika. Wakasema arudi kwao Mgori mpaka mambo yapoe. Editha aliomba kitu kimoja, aruhusiwe kuja kupalilia kaburi la mwanawe. Scholastika alijibu kwamba kaburi liko ndani ya boma na lina wenyewe.

Kabla ya kuondoka alikipeleka kishikwambi hospitali, akamweleza Anastasia ukweli. Muuguzi alisema kosa ni lake pia, kwa kuwa aliona macho ya mgonjwa na bado akaiachia mashine imshinde. Kisha akamuuliza Editha swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza tangu lori lile: "Na wewe, mama, unaendeleaje?" Editha alijifunika uso kwa kanga, akalia pale kwenye benchi mpaka wagonjwa wengine wakasogea kumpa nafasi.

Anastasia alifunga safari hadi Mwankoko. Alimkuta Elisha kitandani, akaweka kishikwambi mbele yake. Zilitokea picha tatu, jembe, kuku na chungu. Alimwambia hajachelewa, kwamba vidonge vipo, mazungumzo yapo, na yeye yuko tayari kuketi naye mlango ukiwa umefungwa bila mtu kuona. "Tuanze chini kabisa, baba. Sitakuharakisha." Elisha alimtazama yule kuku. Mkono ulinyanyuka kidogo kutoka shukani, na muuguzi akazuia pumzi. Kisha ukarudi, na mzee akageukia ukuta.

Msimu wa mvua umefika. Editha analima kwa mama yake huko Mgori, karibu na msitu, na kichwa chake ni kizima kabisa, jambo ambalo si raha kama watu wanavyodhani. Anakumbuka kila pembe ya nyumba yake, kila jiwe alilolipanga kuzunguka kaburi, na mlango ambao hawezi kuuvuka. Kila jioni humtembelea binti yake kwa njia hiyo moja iliyobaki, akilitaja jiwe moja baada ya jingine kwa mpangilio wake, wala hakosei.

Na huko Mwankoko, asubuhi moja ya mnada, Gasto alipita kumwomba mzee wake atoke, akakae tu nao kivulini, apate hewa na maneno ya watu. Scholastika alisikia ndani mtu akiinuka, akivaa suruali, akivaa shati. Kiatu kimoja kilivalika. Cha pili kiligongwa na kidole, kikateleza kikaingia chini ya kitanda.

"Mama Witness," Elisha aliita.

Scholastika alimjibu kutoka uani kwamba yeye mgongo wake hauinami tena, akitoe mwenyewe. Gasto alifanya kama anataka kuingia, kisha akakumbuka kwamba chumba cha mzee hakiingiwi. Elisha alitazama giza la mvunguni. Kiatu kilikuwa karibu, kisigino chake kilionekana. Ilitosha kupiga goti moja. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja na kiatu na mwingine mtupu, mikono mapajani, akasubiri. Gasto naye alisubiri nje mpaka jua likapanda, kisha akaenda zake polepole, kwa kuwa mnada haumngoji mtu.

Fimbo ina mwenyewe mwingine, mke yuko Mgori, na kiatu kiko pale pale hadi leo, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.